Arobaini ya Kisu

Maneno haya yalisemwa na muuguzi mstaafu katika ukumbi wa mtaa, Majengo, Mombasa, mbele ya wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo pamoja na jamaa zao. Yameandikwa kama yalivyosemwa, ila maswali yaliyofuata yameachwa.

Assalaam aleikum. Wenzetu Wakristo, Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Ahsanteni kwa kuacha shughuli zenu za Jumamosi mkaja kuketi kwenye joto hili.

Kabla sijasimama hapa, dada mmoja alinivuta kando pale mlangoni. Mumewe amekatwa upande mmoja wa ulimi, na tezi za shingo zimetolewa. Yuko nasi humu ndani, na kwa idhini yao nawaeleza. Nikamuuliza, "Dada, leo ni siku ya ngapi tangu operesheni?" Akahesabu kwa vidole, akasema ni siku ya 19. Nikamuuliza tena, "Na ripoti ya nyama iliyopelekwa maabara, mmesomewa?" Akaniangalia. "Ripoti gani, sista? Si walisema wameitoa yote?"

Nilikuwa nimejiandalia maneno mengine ya kufungulia. Nimeyaweka kando. Nitaanza na swali la dada huyu, kwa sababu swali hilo nyumbani kwetu hakuna aliyeliuliza, na mjomba wangu amekufa.

Mjomba alikuwa fundi cherehani Mji wa Kale, mshonaji wa kanzu. Mkono wa kulia mkasi, mkono wa kushoto kijaluba cha tambuu. Sikumbuki nikimwona bila uraibu, yaani tambuu na popoo, mdomoni. Mwaka 2009 kikamtoka kidonda ubavuni mwa ulimi, hakiumi sana, hakiponi. Akakipaka asali, akakisukutua kwa maji ya chumvi, ikapita miezi minne. Alipokubali kwenda hospitali, akakatwa kipande kidogo cha nyama kikapimwa, ikaonekana ni saratani, akafanyiwa operesheni katika hospitali moja ya rufaa. Kazi ilikuwa nzuri, nasema hivyo mpaka leo. Ulimi ulikatwa kwa ustadi, akarudi anazungumza, neno zito kidogo lakini linaeleweka. Nyumbani tukachinja mbuzi, tukasoma dua.

Kisha tukamtia arobaini.

Mnanielewa. Sisi watu wa Pwani tunajua mzazi akijifungua hukaa ndani siku 40. Anakandwa, anapewa uji wa pilipili manga, hapigwi na upepo, na siku ya kutoka anatoka amenawiri. Ni desturi nzuri, na imeokoa wanawake wengi na machofu. Basi mke wa mjomba, kwa mapenzi yake, akamhesabia mumewe arobaini ile ile. Supu ya kuku asubuhi, uji jioni, dirisha limefungwa. Mkobani kulikuwa na karatasi ya kumwambia aende kliniki ya mionzi, ile tiba ya mashine ya kuua chembe za saratani zilizobaki, na wakati huo mgonjwa wa hospitali za serikali alipaswa kusafiri mpaka Hospitali ya Kenyatta, Nairobi. Tukasema, "Jeraha likauke kwanza. Apate nguvu." Mimi mwenyewe nilikuwa muuguzi, lakini wa wodi ya wazazi. Nilijua kuangalia mshono, nikaona umefunga vizuri, nikaridhika.

Mwezi wa tano baada ya operesheni akashika chini ya sikio, akasema, "Mwanangu, hebu gusa hapa." Nikagusa. Kilikuwa kama mbegu ya ukwaju. Baada ya wiki tatu kilikuwa kama popoo nzima. Ndipo nikaenda mwenyewe dirishani kuchukua ile ripoti ya maabara. Ilikuwa imechapwa siku ya 16 baada ya operesheni. Miezi ile yote imelala kwenye faili. Ilisema tezi 3 zilikuwa na saratani, na katika moja kati ya hizo, saratani ilikuwa imeshapasua ganda la tezi na kutoka nje.

Mjomba hakuufikia mwezi wa Ramadhani uliofuata. Mimi niliomba kuhamishwa, nikaenda kuhudumia wagonjwa wa saratani, na huko ndiko nilikobaki mpaka nikastaafu.

Sasa niwaeleze kile ambacho sikukijua.

Daktari wa upasuaji akisema "tumeitoa yote," hadanganyi. Anasema kile jicho lake limeona na vidole vyake vimegusa. Lakini mjomba, fundi wa nguo, angeelewa haraka kuliko sisi kama mtu angemweleza kwa lugha yake. Nguo ina doa. Unachukua mkasi, unalikata doa na kulizungushia nguo safi pande zote, ili uwe na hakika. Halafu unakigeuza kile kipande na kutazama ukingo wake. Ukingo ukiwa msafi, vizuri. Doa likiwa limefika kwenye ukingo, basi nusu yake imebaki kwenye kanzu. Hivyo ndivyo maabara inavyofanya. Inachukua nyama iliyokatwa, inaipaka rangi kingoni, inaikata vipande vyembamba na kuitazama kwa darubini. Ukingo wenye saratani ni habari nzito. Ukingo ulio safi lakini saratani imefika karibu mno, chini ya milimita 5, nao unamfanya daktari afikiri mara mbili.

Tezi za shingo nazo zinahesabiwa: zimetolewa ngapi, zenye saratani ngapi, na je, katika hizo kuna iliyopasuka ganda? Hilo la ganda ndilo lililomkuta mjomba. Maabara inatazama pia kama saratani imefuata mishipa ya fahamu au imeingia kwenye mishipa ya damu na ya limfu, na kama uvimbe wenyewe ulikuwa mkubwa kiasi cha kuingia taya au misuli ya ndani.

Si kila aliyekatwa anahitaji mionzi. Uvimbe mdogo, ukingo msafi, tezi hazina kitu: huyo mara nyingi hufuatiliwa tu kliniki, na kumpa mionzi ni kumtesa bure. Kwa hiyo sisemi kila mtu akimbilie mashine. Ninasema ripoti ndiyo inayoamua, na ripoti isiyosomwa haiamui kitu. Hospitali kubwa huwa na kikao ambapo daktari wa upasuaji, wa mionzi, wa dawa za saratani na wa maabara huketi pamoja wakazungumza juu ya mgonjwa mmoja mmoja. Ulizeni: "Mgonjwa wetu amejadiliwa? Wamesemaje?" Hilo si kumkosea daktari adabu. Ni mwili wenu.

Na muda ni huu: kwa anayehitaji mionzi baada ya upasuaji wa saratani ya kichwa na shingo, miongozo inasema ianze ndani ya wiki 6. Siku 42. Arobaini na mbili, ndugu zangu. Ile arobaini tuliyomtia mjomba ndiyo hasa ilikuwa siku zake za dawa. Chembe chache zilizobaki hazisubiri mshono ukauke. Zinazaana wakati sisi tunapika supu.

Dada yangu pale, siku ya 19 si siku mbaya. Una siku 23. Tutaonana.

Kwa nini siku hizo 42 huliwa haraka hivyo? Nimeziona zikiliwa kwa miaka, nawaambia zinakokwenda. Ripoti ya maabara peke yake inaweza kuchukua wiki 2. Kisha daktari wa mionzi anamwona mgonjwa, anasema meno yakaguliwe. Hilo la meno watu hulichukulia kama usumbufu, nami nataka mlishike vizuri. Mionzi ikipita kwenye taya hupunguza damu inayolisha mfupa. Jino bovu likija kung'olewa baadaye, tundu linaweza lisifunge, na mfupa wa taya ukaanza kufa. Kwa hiyo jino lisilo na matumaini hung'olewa kabla ya mionzi, na fizi zipewe kama wiki 2 hadi 3 zipone. Sasa fanyeni hesabu. Mtu akipelekwa kwa daktari wa meno wiki ya 5, muda umeshakwisha. Lakini akiangaliwa meno kabla ya operesheni, au yale mabovu yakang'olewa pale pale kwenye meza ya upasuaji akiwa amelala, wiki 3 zimeokolewa. Ombeni hilo mapema. Daktari mwenye shughuli nyingi anaweza kusahau, akikumbushwa atashukuru.

Halafu kuna idhini ya bima. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya serikali ya NHIF imeondoka, SHA imeingia mahali pake, na matibabu ya saratani yanaombewa idhini kabla hayajaanza. Usingoje mpaka umefika mlango wa mionzi ndipo uulizwe kama umejisajili na kama malipo yako ya mwaka yamekamilika. Mtoto wa nyumbani anayejua simu apewe kazi hiyo tangu siku ya kwanza mgonjwa alipolazwa.

Halafu pesa yenyewe. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu sijasikia mtu akilisema jambo hili hadharani.

Mgonjwa akiambiwa operesheni, watu huinuka. Grupu la WhatsApp linafunguliwa, mchango unapitishwa msikitini na kanisani, wa Dubai anatuma, wa Nairobi anatuma. Operesheni inafanyika. Mwenyekiti wa mchango anaandika, "Alhamdulillahi, operesheni imefaulu, ahsanteni nyote," na grupu linafungwa. Wiki ya 4 mgonjwa anaambiwa ana safari 30 za mionzi. Nani atalifungua tena lile grupu? Mgonjwa anaona haya. Anasema, "Watu wameshanisaidia sana." Nimekaa na wanaume wazima wakilia, si kwa maumivu, kwa haya hiyo. Mmoja aliacha mionzi akiwa ameshapata 11, akijifanya amechoka, na ukweli ni kwamba nauli ya kutoka Kwale ilikuwa imekwisha.

Basi ninawaomba: mchango uitishwe mara moja, lakini ugawanywe mafungu mawili tangu mwanzo. Fungu la kisu na fungu la mionzi. Na fungu la pili lisiguswe hata kama mtu amependekeza sadaka ya shukrani. Shukrani itafanywa mionzi ikiisha. Siku hizi mionzi inapatikana hapa hapa Mombasa, halazimiki tena kila mtu kwenda kulala Nairobi kwa wiki 6. Lakini kwa mtu wa Lamu, wa Tana River, wa Taita, hata wa Likoni anayepanga foleni ya feri kila asubuhi akiwa na kidonda kooni, Mombasa bado ni mbali. Mwenye chumba cha uani na ana jamaa mgonjwa wa mbali, chumba hicho ni dawa.

Haya, mionzi yenyewe. Watu wetu husema "kuchomwa," na neno hilo limewatisha wengi wasiende. Mashine haina moto, haigusi mwili, na mgonjwa hasikii kitu inapofanya kazi. Kwanza anatengenezewa barakoa. Ni bamba la plastiki lenye matundu linalolainishwa kwenye maji ya moto, likatandazwa usoni na mabegani likiwa na joto la kuvumilika, likaganda kwa dakika chache kwa umbo lake mwenyewe. Kila siku akilala kwenye kitanda cha mashine anavalishwa barakoa hiyo na inafungwa kitandani, asisogee hata kidogo. Wapo wanaoingiwa na hofu ya kubanwa. Semeni. Inaweza kukatwa sehemu ya macho, au mgonjwa akapewa dawa ya kumtuliza. Kule ndani hukaa kama robo saa, na wahudumu wanamwona na kumsikia muda wote.

Kipimo cha mionzi kinaitwa grei. Baada ya upasuaji mgonjwa wa kawaida hupata grei 60, grei 2 kila siku, Jumatatu mpaka Ijumaa, kwa wiki 6. Mwenye ukingo mchafu au tezi iliyopasuka huweza kuongezwa mpaka 66. Naye akitoka pale hana mionzi mwilini. Nasema hivi kwa sababu ya bibi mmoja wa Kisauni aliyekataa kumpakata mjukuu wake kwa wiki 6, akimwangalia mlangoni tu, mpaka mtoto akamzoea kuwa mgeni. Hakuna aliyemwambia. Pakateni wajukuu wenu.

Siku isikosekane. Wataalamu wanakadiria kwamba kila siku moja matibabu yanavyorefuka kupita muda wake, nafasi ya kuidhibiti saratani hupungua kwa kama asilimia 1 au zaidi kidogo. Mashine ikiharibika, au ikiwa sikukuu, ulizeni siku hiyo italipwaje. Huweza kulipwa kwa kuja Jumamosi, au kupigwa mara 2 siku moja, mradi kati yake zipite saa 6 au zaidi. Msiambiane, "Ah, ni siku moja tu."

Wengine mtaambiwa mnaongezewa dawa ya dripu iitwayo sisplatini. Hilo lina historia yake. Mwaka 2004 tafiti mbili zilichapishwa katika jarida la New England Journal of Medicine, moja ya Ulaya iliyokuwa na wagonjwa 334 na moja ya Marekani iliyokuwa na wagonjwa 459. Wote walikuwa wamekatwa na walikuwa katika hatari kubwa ya ugonjwa kurudi. Nusu walipata mionzi peke yake, nusu mionzi na sisplatini. Katika ile ya Ulaya, baada ya miaka 5 kwenye kila wagonjwa 100 waliopata vyote viwili 53 walikuwa hai, na waliopata mionzi tu walikuwa 40. Watu 13 katika 100, jamani. Lakini dawa ina ukali wake: katika ile ya Marekani, madhara makubwa ya wakati wa matibabu yaliwapata wagonjwa 34 kati ya 100 waliopata mionzi tu, na 77 kati ya waliopata na dawa. Walipokuja kuziunganisha takwimu, wakaona faida ilikuwa kwa wale wenye ukingo mchafu au tezi iliyopasua ganda. Ndiyo maana daktari hampi kila mtu, na ndiyo maana nimewasumbua sana na ripoti.

Zamani sisplatini ilitolewa dozi kubwa mara 3, kila baada ya wiki 3. Mwaka 2022 Wajapani walichapisha utafiti wa wagonjwa 261 ulioonyesha kwamba dozi ndogo ya kila wiki haikuwa duni kuliko ile kubwa, na iliwapa wagonjwa nafuu kwenye madhara. Kwetu, ambapo kumlaza mtu kitanda ni shida, hilo ni jambo la kulizungumza na daktari wako. Sisplatini huchosha figo na masikio. Maji yanywewe kwa wingi kama mlivyoelekezwa. Sikio likianza kulia kama nyenje, sema siku hiyo hiyo. Na msinunue dukani ibuprofeni wala diklofenaki kwa ajili ya maumivu, wala msinywe dawa za mitishamba kimya kimya. Figo haziwezi kubeba vyote. Siwakatazi dawa za wazee wetu kwa dharau, nimekulia humo. Nawaomba tu mzitaje mbele ya daktari.

Hivi karibuni kumeingia pia dawa za kuuamsha ulinzi wa mwili. Mwaka 2025 Marekani iliidhinisha pembrolizumabu itolewe kabla na baada ya upasuaji kwa baadhi ya wagonjwa. Ni habari njema, lakini bei yake bado iko mbali na wengi wetu humu, na mionzi kwa wakati haihitaji kuingoja dawa hiyo.

Sasa mdomo na chakula, maana hapa ndipo vita vyenyewe vilipo. Wiki ya kwanza mgonjwa atawaambia, "Kumbe ni rahisi." Wiki ya 3 mate yanaanza kuwa mazito, ladha inaondoka, wali wa nazi unakuwa kama karatasi. Wiki ya 5 na ya 6 vidonda vimejaa mdomoni na ngozi ya shingo imeiva. Na tafadhali jueni hili: mionzi ikiisha, mambo hayatulii siku hiyo hiyo. Huendelea kuwa mabaya wiki 1 au 2 zaidi, ndipo yaanze kushuka. Familia nyingi huvunjika moyo hapo, wakidhani matibabu yameshindwa.

Sukutueni mara nyingi kwa siku, kijiko kidogo kimoja cha chumvi na kimoja cha bikaboneti ya kuokea keki katika lita moja ya maji, si magadi ya kulainishia maharagwe. Pilipili, achari, ndimu, ukwaju, mabuyu, viazi vya karai vikavu, vyote vipumzike. Uji mwepesi uliotiwa maziwa na siagi, mtindi, yai lililopikwa laini, samaki wa kuchemsha aliyetolewa miiba na kusagwa na mchuzi wake, parachichi, tende zilizolowekwa kwenye maziwa. Kidogo kidogo, mara 6 au 8 kwa siku. Mpimeni uzito kila wiki na muandike. Akipungua sana na daktari akasema awekewe mpira wa kulia, msikatae kwa kuona kwamba ni dalili ya mwisho. Mpira ni kijiko kirefu tu. Ila hata akiwa na mpira aendelee kumeza mate na maji kadiri awezavyo, maana koo lisilomeza kwa wiki nyingi husahau kumeza. Na afunue mdomo, mazoezi, kila siku. Vidole vyake 3 vikisimama wima vinaingia kati ya meno? Vikianza kuingia 2, mkamwambie daktari.

Maumivu yasivumiliwe kwa sifa. Mwanamume wa Kimvita akiambiwa "vumilia" atavumilia mpaka aache kula. Dawa ya maji ya mofini ipo, ni salama ikitolewa na mwenye ujuzi, na ikitolewa hivyo kwa kawaida haimfanyi mgonjwa wa saratani kuwa mlevi. Tunayo Coast Hospice hapa Mombasa. Watu wake kazi yao ni kuondoa mateso, na si kwa anayekufa peke yake.

Kuhusu Ramadhani, kila mwaka naulizwa. Qurani yenyewe, Suratul Baqara, imemruhusu mgonjwa ale na azilipe siku nyingine. Anayepigwa mionzi ya koo, na hasa anayepewa sisplatini, akikaa mchana mzima bila maji anajiumiza figo. Waombeni maimamu walitamke hilo kwenye hotuba ya Ijumaa kabla mwezi haujaandama, ili mgonjwa asijione anakula kwa siri nyumbani mwake.

Wale waliotolewa zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni, na wanapumua kwa tundu la shingoni, nina neno moja kwenu, hasa wavuvi. Maji yakifika shingoni yanaingia moja kwa moja mapafuni. Kuogelea sasa basi, msiogelee tena. Kwenye ngalawa kaa katikati, vaa jaketi la kuokolea, na wenzako waambie ukianguka wakuinue kwanza, mengine baadaye. Tundu lifunikwe na kitambaa chepesi chenye unyevu, vumbi lisiingie.

Matibabu yakiisha, kliniki haziishi. Saratani hizi zikirudi, nyingi hurudi katika miaka 2 ya kwanza, kwa hiyo mwaka wa kwanza unaonwa kila mwezi 1 hadi 3. Pimeni damu ya tezi ya shingo, ile ya thairoidi, kila miezi 6 hadi 12. Mtu akinenepa, akihisi baridi na uvivu mwaka mmoja baada ya mionzi, mara nyingi si uvivu. Na daktari yeyote wa meno utakayemwendea maisha yako yote, neno la kwanza umwambie, "Nimepigwa mionzi ya taya."

Na uraibu. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa limetangaza tangu 2004 kwamba popoo peke yake, hata bila tumbaku, husababisha saratani kwa binadamu. Najua tambuu hukaribishwa harusini kwetu, najua kijaluba cha mjomba kilikuwa cha babu yake. Ninacho kabatini, kitupu. Na sigara wakati wa mionzi huifanya mionzi ifanye kazi vibaya zaidi. Anayevuta akiwa anatibiwa, tumsaidie aache, tusimfokee.

Nimesema mengi, na shingo zenu zimechoka. Mimi nitakuwa pale mezani, chini ya feni, na kalenda. Kila mwenye mgonjwa aliyekatwa aje anitajie tarehe ya operesheni, tuhesabu pamoja, tuandike siku ya 42 kwa kalamu nyekundu. Dada yangu wa siku ya 19, wewe uwe wa kwanza. Jumatatu saa mbili asubuhi tutakwenda sote maabara kuiuliza ripoti, mimi nitakushika mkono, kisha tutapita kwa daktari wa meno kabla ya kurudi nyumbani. Mumeo aje na maji ya kunywa, foleni huwa ndefu.